Kutangulia si Kufika: Lugha ya Msafara na Mazungumzo ya Mashabiki wa Mbio za Baiskeli za Hatua

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyowawezesha mashabiki kuzungumzia mbio za baiskeli za hatua, yaani mashindano yanayoendeshwa kwa siku nyingi na kuamuliwa kwa kujumlisha muda. Inadai kwamba ugumu wanaokutana nao mashabiki hautokani na uhaba wa msamiati, bali unatokana na kuazima maneno matatu ya soka, yaani hatua, kuongoza na kushinda, pamoja na mantiki yake. Mantiki hiyo haitofautishi ushindi wa siku na ushindi wa safari nzima. Kwa kurejelea lugha ya misafara iliyoanzia na kuishia Bagamoyo katika karne ya 19, makala inaonesha kwamba Kiswahili kina tofauti hiyo tangu zamani. Inahitimisha kwa kupendekeza matumizi machache yanayoweza kuzingatiwa na watangazaji, waandishi wa habari za michezo na wanaistilahi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, na njiani hukutana na baiskeli zilizobeba samaki, nazi, mkaa na magunia ya mihogo. Wenye baiskeli hizo wana msamiati unaowatosha. Hunyonga, hufunga mzigo kwenye karia, hukaza cheni, hunyoosha spoku na huziba pancha. Kwa chombo chenyewe na kazi yake, Kiswahili hakina pengo. Pengo hujitokeza wakati mwendeshaji huyohuyo anapoketi barazani jioni na wenzake kujadili baiskeli kama mchezo, hasa aina ya mchezo ambao haumalizwi kwa siku moja.

Mazungumzo ya namna hiyo yana sababu ya kuwapo Afrika Mashariki. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano hayo. Tour du Rwanda, iliyoanza mwaka 1988 na kuingia katika kalenda ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2009, huendeshwa kila mwaka katika nchi ambayo Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Mnamo Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za barabarani, yaliyofanyika katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mashindano hayo ya Kigali hayakuwa ya hatua, lakini yaliufanya mchezo wenyewe kuwa jambo la jirani.

Namna ya kutazama mbio hizi nayo si ngeni Pwani. Mtazamaji wa mbio za barabarani husubiri kando ya njia kwa saa kadhaa ili aone kitu kinachopita kwa muda mfupi tu. Ndivyo wakazi wa vijiji vya barabara ya Bagamoyo wanavyosubiri Mbio za Mwenge wa Uhuru, ambazo nazo hugawanywa kwa siku, kwa wilaya na kwa mkesha. Tofauti ni kwamba wanaoukimbiza Mwenge hawashindani nani atangulie kufika. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili tayari anaijua safari ya siku nyingi inayoitwa mbio, na tayari anayajua mashindano yenye mshindi. Swali la makala hii ni hili: anapotakiwa kuviunganisha viwili hivyo katika sentensi moja, lugha yake inampa nini?

Data iliyotumika ni ya aina tatu: msamiati wa habari za soka unaofahamika Tanzania, maandishi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kuhusu misafara ya Mrima, na sentensi zilizotungwa na mwandishi ili kupima maana. Sentensi hizo zimepewa namba, na hazidaiwi kuwa ni maneno ya mtu yeyote aliyerekodiwa.

2.0 Hesabu ya Mbio za Hatua

Kabla ya kuchambua lugha, ni muhimu kueleza jambo linalozungumzwa. Katika mbio za hatua, waendeshaji wote huanza kila siku isipokuwa waliojitoa au waliopitwa na muda wa mwisho uliowekwa. Kila siku ina mstari wake wa kumalizia na mshindi wake. Muda ambao kila mwendeshaji ametumia hujumlishwa na muda wa siku zilizotangulia, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayeshika nafasi ya kwanza katika msimamo wa jumla. Katika Tour de France yeye huvaa jezi ya njano. Sambamba na hesabu hiyo, kuna hesabu nyingine za alama: jezi ya kijani hutokana hasa na nafasi za kumalizia, na jezi ya madoa mekundu hutokana na kupanda milima. Ndiyo jezi ya madoa aliyoivaa Daniel Teklehaimanot wa Eritrea mwaka 2015.

Utaratibu huo huzaa matokeo ambayo shabiki aliyelelewa na soka huyaona kuwa ya ajabu. Mwaka 2017, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeiwakilisha Uingereza, alitwaa Tour de France bila kuwa wa kwanza katika hatua hata moja ya mwaka huo. Alimzidi Rigoberto Urán wa Kolombia kwa sekunde 54 tu baada ya zaidi ya saa 86 za kuendesha. Urán alishinda hatua moja. Marcel Kittel wa Ujerumani alishinda tano, kisha akajitoa kabla ya kufika Paris. Kwa hiyo aliyeshinda mara tano hakuwamo hata katika orodha ya waliomaliza, na ambaye hakushinda hata mara moja ndiye aliyepanda jukwaani kama mshindi.

Mfano wa pili ni wa siku moja. Katika hatua ya 3 ya mwaka 2024, iliyoishia Turin, Girmay alimaliza wa kwanza. Siku hiyohiyo jezi ya njano ilivaliwa na Richard Carapaz wa Ecuador, ambaye hakushinda hatua hiyo. Yeye na wapinzani wake wakuu walikuwa na muda sawa, naye akawekwa juu kwa kuwa nafasi zake za kumaliza zilikuwa bora kuliko zao. Shabiki anayeuliza tu "Nani ameshinda leo?" na yule anayeuliza "Nani anaongoza?" wanauliza maswali yenye majibu mawili tofauti, na yote mawili ni sahihi.

3.0 Maneno Matatu ya Uwanjani

Lugha ya michezo katika Kiswahili cha Tanzania kwa kiasi kikubwa ni lugha ya soka. Ni lugha tajiri, yenye utani, mafumbo na ubunifu. Mechi iliyoahirishwa, kwa mfano, huitwa kiporo, kama chakula kilicholala. Ni jambo la kawaida lugha hiyo kuazimwa inapozungumziwa michezo mingine. Tatizo ni kwamba neno haliji peke yake. Huja na picha ya mchezo lilikotoka.

3.1 Hatua

Katika soka, hatua ni daraja la mashindano: hatua ya makundi, hatua ya mtoano, hatua ya robo fainali. Timu huvuka hatua au huishia katika hatua. Neno linabeba dhana ya mchujo. Tazama sentensi ifuatayo:

(1) Girmay ameshinda hatua ya 12.

Msikilizaji wa soka anaweza kuielewa (1) kwamba Girmay amevuka kwenda hatua ya 13 na kwamba wapinzani wake wametolewa. Tafsiri zote mbili si sahihi, kwani wote wataanza tena kesho. Neno lililo karibu zaidi na dhana hii katika soka si hatua bali ni mechi ya ligi, ambapo timu hucheza, hupata au hukosa, kisha msimamo hupangwa upya. Lakini hata ulinganisho huo una kasoro. Alama za ligi hazijali umeshinda kwa bao moja au kwa matano isipokuwa zinapolingana, ilhali katika baiskeli kila sekunde huhesabiwa.

Kiswahili kina jina jingine la kipimo hiki, nalo ni mwendo. Umbali baina ya mji na mji ulisemwa kuwa ni mwendo wa siku tatu au mwendo wa siku saba. Hapa siku ndiyo kizio, na jumla ya siku ndiyo safari. Neno hilo lingefaa, lakini leo lina mshindani ndani yake lenyewe: mwendo pia ni kasi, kama katika mabasi ya mwendokasi. Sentensi "mwendo wa leo ulikuwa mkali" ingeacha swali kama kilichokuwa kikali ni siku yenyewe au kasi ya kundi. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa hatua imekwisha kuzoeleka katika habari, haifai kulipiga vita. Kinachofaa ni kulitegemeza kwa neno siku pale linapotokea mara ya kwanza: "hatua ya 12, yaani siku ya 12 ya mbio". Inafaa kukumbuka kwamba hata Kifaransa, lugha iliyoukuza mchezo huu, hakikubuni neno jipya. Neno lake la hatua lilihusu kwanza ghala na posho za askari waliokuwa safarini, kisha mahali pa kutua, kisha mwendo wa siku. Nalo lilitoka katika safari.

3.2 Kuongoza

Katika soka, anayeongoza ni mmoja. Ndani ya dakika 90 anaongoza mwenye mabao mengi. Katika ligi anaongoza aliye juu ya msimamo. Mazingira mawili hayo hayachanganyiki kwa sababu hayatokei kwa pamoja mbele ya macho. Katika mbio za hatua hutokea kwa pamoja, tena kila siku:

(2) Anaongoza kwa dakika nne.

Sentensi (2) inaweza kumhusu mwendeshaji aliyechomoka kundini asubuhi na ambaye sasa yuko mbele ya wote barabarani. Inaweza pia kumhusu mwenye jezi ya njano, ambaye wakati huo yuko katikati ya kundi, nyuma ya migongo ya wenzake, na haonekani. Wa kwanza anaweza kuwa nyuma kwa nusu saa katika msimamo wa jumla. Wa pili anaweza kumaliza siku akiwa wa arobaini bila kupoteza chochote.

Kuna mkanganyiko wa tatu, unaohusu kitenzi kupita. Katika mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, waendeshaji huachiwa kwa kupishana dakika, na anayepitwa barabarani huwa amekwisha kushindwa kwa muda wote waliopishana na zaidi. Hivyo ndivyo Remco Evenepoel wa Ubelgiji alivyompita Tadej Pogačar wa Slovenia huko Kigali mwaka 2025. Lakini katika msimamo wa jumla, mtu anaweza kumpita mwenzake bila hata mara moja kuwa mbele yake barabarani, kwa kuwa kinachohesabiwa ni jumla ya muda. Sentensi "amempita" inahitaji kuongezewa mahali: amempita njiani, au amempita katika msimamo.

3.3 Kushinda

Kitenzi kilicho kiini cha mjadala ni kushinda. Fikiria sentensi hii kuhusu mwaka 2017:

(3) Froome alishinda bila kushinda.

Kwa mashabiki wa soka (3) ni kitendawili. Kwa wa baiskeli ni taarifa ya kweli. Kinachoifanya iwe kitendawili ni kukosekana kwa yambwa: mara ya kwanza kilichoshindwa ni mashindano, mara ya pili ni hatua. Pakiwapo yambwa, utata unaondoka:

(4) Froome alitwaa mashindano bila kushinda hatua hata moja.

Hata hivyo, kushinda kuna maana nyingine inayojulikana na kila mzungumzaji: kukaa au kuendelea na jambo mchana kutwa. Mtu hushinda njaa, hushinda shambani, hushinda akifanya kazi, na jioni husalimiwa "Za kushinda?" Tunapata basi sentensi mbili zinazokaribiana sana:

(5) Ameshinda hatua ya leo.

(6) Ameshinda njiani leo.

Katika (5) kuna mshindi mmoja. Katika (6) wote wameshinda, kila aliyenyonga tangu asubuhi hadi jioni. Makala hii haidai kwamba maana moja imezaa nyingine, kwani hilo ni suala la etimolojia linalohitaji ushahidi wake. Dai ni la kisemantiki: mbio za hatua ni mchezo ambamo maana zote mbili zinahitajika. Anayetwaa jezi ya njano ni yule ambaye ameshinda kwa maana ya pili, siku baada ya siku, bila kupoteza muda mwingi, hata kama hakushinda kwa maana ya kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili ana chombo cha kulieleza jambo hilo katika salamu yake ya kila jioni.

4.0 Msafara kama Kielelezo

Tofauti kati ya siku na safari, na kati ya aliye mbele na mwenye safari, ilikuwa elimu ya kila siku Bagamoyo katika karne ya 19. Mji huo ulikuwa mlango wa njia ya misafara iliyofika Tabora na Ujiji, takribani kilomita 1,200 kutoka pwani. Fasihi ya safari iliyoandikwa kwa Kiswahili ina mizizi hapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka eneo la Bagamoyo na kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alichangia masimulizi ya safari yake ya Udoe na Uzigua katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901. Mwaka 1903 kikafuata kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kinafungamana zaidi na jina lake. Masimulizi ya safari ya aina hiyo hujengwa kwa mfuatano wa siku: kuondoka, kutembea, kufika, kulala. Kiambishi -ka- ndicho kinachozifunga siku hizo kuwa safari moja. Huo ndio muundo ambao shabiki huuhitaji anapomsimulia mwenzake wiki tatu za mbio:

(7) Siku ya tisa akaachwa sekunde kumi, ya kumi akapumzika, ya kumi na moja akajificha kundini, ya kumi na mbili akawarudishia.

Mfano (7) hauna neno lolote la soka, na hauna neno lolote geni. Unaeleweka kwa sababu umejengwa kama taarifa ya safari.

Msafara pia ulikuwa na mgawanyo wa nafasi za mbele na nyuma. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara mwaka 1857 kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, anamweleza mtu ambaye wasafiri wa enzi hiyo waliandika jina lake kirangozi. Huyu alitangulia msafara akiwa na bendera na mavazi ya kumtofautisha. Aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Kirangozi hakuwa mwenye mali. Tajiri wa msafara aliweza kuwa nyuma kabisa, lakini safari ilikuwa yake, na faida au hasara iliyohesabiwa mwisho wa safari ilikuwa yake.

Hapa ndipo penye ufunguo wa utata wa sentensi (2). Neno kirangozi limejengwa juu ya shina lilelile la kuongoza, lakini lilimhusu aliye mbele njiani, si aliye juu ya wengine. Katika mbio za leo nafasi hizo mbili zimetengana vilevile. Kwenye kichwa cha kundi wapo waendeshaji wanaokata upepo kwa niaba ya kiongozi wa timu yao, naye yuko nyuma yao akihifadhi nguvu. Wavuvi wa pwani hii wangeuelewa upesi ugumu wa kazi hiyo, kwa kuwa wanaijua tofauti ya upepo wa omo na upepo unaotoka nyuma. Aliye mbele analipa gharama ya upepo ili mwingine asiilipe.

Kiswahili cha leo kina kitenzi kinachoweza kubeba maana ya nafasi bila kugusa ya cheo, nacho ni kutangulia. Sentensi (2) inaweza kugawanywa bila utata:

(8) Ametangulia kwa dakika nne, lakini anayeongoza bado ni yule aliye kundini.

Methali kutangulia si kufika inaeleza hatima ya wengi wanaochomoka asubuhi na kumezwa na kundi kilomita chache kabla ya mstari. Shabiki anayeitumia huwa ametoa uchambuzi wa kiufundi kwa maneno matatu.

Neno msafara lenyewe nalo lina nafasi, ingawa kwa tahadhari. Leo hutumika zaidi kwa magari yanayoandamana na kiongozi wa nchi. Hilo linalifanya lifae kutaja mbio zote zikiwa barabarani: waendeshaji, magari ya timu, waamuzi na pikipiki za wapiga picha. Wafaransa nao huyaita magari ya matangazo yanayotangulia mbio zao kwa neno lao la msafara, na wamefanya hivyo tangu miaka ya 1930. Waendeshaji wenyewe wabaki kuwa kundi, au kundi kuu pale wanapogawanyika.

5.0 Mpagazi au Msaidizi?

Ufanisi wa kielelezo cha msafara unaweza kumshawishi mtafiti akiendeleze kupita kiasi. Mfano wa wazi ni jina la mwendeshaji anayemtumikia kiongozi wa timu: anayerudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, anayempa mwenzake gurudumu lake likipata pancha, na ambaye muda wake mwenyewe hauna umuhimu. Kifaransa humwita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani, neno lililoanza kama kejeli na likageuka kuwa jina la kazi. Kiswahili kina mpagazi, na picha inalingana: mtu anayebeba mzigo usio wake katika safari isiyo yake.

Katika mji wa Bagamoyo neno hilo haliwezi kutumika kama pambo. Njia ileile iliyotembewa na wapagazi wa ujira ilitembewa pia na watu waliotekwa na kuuzwa, na pembe za ndovu na binadamu vilifika pwani katika misafara iliyoweza kuwa ileile. Kwa upande mwingine, kulikataa neno kwa sababu hiyo pekee ni kuisahau nusu ya pili ya historia. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa mkataba, waliojadili ujira na posho, waliogoma pale masharti yalipovunjwa na waliojivunia uwezo wa kubeba mzigo wa takribani kilo 30 kwa miezi kadhaa. Stephen Rockel amelionesha hilo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki.

Msimamo wa makala hii ni kwamba neno rasmi liwe msaidizi, kwa kuwa halimdhalilishi mtu na linaeleweka mara moja. Hata hivyo, neno hilo lina udhaifu: linaficha uzito wa kazi. Mwendeshaji aliyekata upepo kwa kilomita 150 amefanya zaidi ya kusaidia. Kwa hiyo mpagazi liachwe katika ulimi wa mashabiki wanaoijua historia yake, kama sifa ya mtu aliyebeba, na lisiingizwe katika orodha za istilahi ambako litapoteza kumbukumbu hiyo.

6.0 Nafsi ya "Sisi"

Ushabiki wa soka hujidhihirisha katika viambishi vya nafsi. Shabiki wa Simba au Yanga husema "tumeshinda" na "tumefungwa" ingawa hakugusa mpira, na utani wa jadi kati ya pande hizo unategemea kuwapo kwa "sisi" na "ninyi" mtaa mmoja. Mbio za hatua hazitoi "sisi" kwa urahisi. Timu hubeba majina ya wadhamini, si ya miji, na hukusanya waendeshaji wa mataifa mengi. Girmay alishinda hatua zake za mwaka 2024 akiwa na timu ya Ubelgiji. Shabiki wa Mrima anapomzungumzia, ana chaguo la viambishi vitatu: a- wa mtu mmoja, wa- wa timu, na tu- wa Waafrika.

Matumizi ya tu- hapo ni dai, wala si maelezo. "Tumeshinda Turin" inapanua mipaka ya "sisi" kutoka mtaa hadi bara. Dai hilo hupimwa na mfano wa Froome. Alizaliwa Nairobi, akajifunza mchezo kwa David Kinjah na kundi la Safari Simbaz nje kidogo ya jiji hilo, akaendesha chini ya bendera ya Kenya hadi mwaka 2008, kisha akatwaa Tour de France mara nne kwa jina la Uingereza. Je, ni "mwenzetu"? Neno hilo linatenda kazi ambayo uraia hauwezi kuitenda: linamdai mtu kwa njia aliyopita, si kwa pasipoti aliyonayo. Baraza linaweza kugawanyika juu yake, na mgawanyiko huo ni sehemu ya starehe ya mazungumzo.

Rwanda inatoa sura nyingine. Valens Ndayisenga alipokuwa, mwaka 2014, Mnyarwanda wa kwanza kutwaa Tour du Rwanda tangu iingie katika kalenda ya shirikisho la kimataifa, "sisi" ya mashabiki ilikuwa ya taifa, na iliungwa mkono na barabara walizozijua. Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam haijapata mbio za namna hiyo. Mashabiki wake wanazungumzia milima wasiyoipanda na miji wasiyoifika, na kwa hiyo wanategemea lugha zaidi ya wale wanaoziona mbio kwa macho. Kwao sentensi yenye utata haiwezi kurekebishwa kwa kunyoosha kidole barabarani.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mazungumzo kuhusu mbio za baiskeli za hatua hukwama pale maneno ya soka yanapoletwa pamoja na dhana ya mshindi mmoja wa tukio moja. Imeonesha pia kwamba lugha ya safari, ambayo Bagamoyo iliitumia kwa vizazi, huitenga siku na safari, na humtenga aliye mbele na mwenye safari. Kutokana na uchambuzi huo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, hatua liendelee kutumika, likifafanuliwa kwa siku ili kuondoa dhana ya mchujo. Pili, kutangulia litumike kwa nafasi ya barabarani, na kuongoza libaki kwa msimamo wa jumla. Tatu, kushinda lisiachwe bila yambwa, na kutwaa litumike kwa mashindano mazima. Nne, msaidizi liwe neno rasmi la mwendeshaji anayemtumikia mwenzake, na mpagazi liachwe kwa mashabiki.

Mapendekezo haya hayahitaji neno jipya hata moja. Yanahitaji mtangazaji atofautishe maneno aliyokwisha kuwa nayo, na mwanaistilahi aanze kazi yake kwa kusikiliza namna watu wanavyosimulia safari kabla ya kufungua orodha ya maneno ya kutafsiriwa. Utafiti wa nyanjani, wa kurekodi mazungumzo ya mashabiki wa Kigali, Goma, Nairobi na Bagamoyo wakitazama mbio zilezile, ungeweza kuonesha ni ipi kati ya tofauti hizi wanaizingatia tayari bila kuelekezwa na yeyote.